Kontena moja, farasi saba: injini ya meli kubwa inavyofanya kazi

Ukisubiri pantoni pale Feri, Dar es Salaam, ipo siku utasubiri kuliko kawaida kwa sababu meli kubwa inaingia na mlango wa bandari ni mwembamba. Siku moja nilikuwa kwenye foleni hiyo. Meli ya makontena ilikuwa inapita mbele yetu, ndefu kama mtaa, tagi, ile boti ndogo ya kuvuta na kusukuma meli, moja mbele na nyingine nyuma, na pantoni limetulia upande wa Kigamboni likiipisha. Kijana wa bodaboda aliyekuwa mbele yangu akasema dude kama lile haliwezi kuwa na injini chini ya ishirini. Mzee mmoja mwenye ndoo ya samaki akamjibu bila hata kugeuka: "Inayo moja tu, mwanangu." Watu wakacheka. Kijana akauliza kwa kejeli, "Haya mzee, moja. Na gia zake ngapi?"

"Haina gia."

Hapo foleni nzima ikaangua kicheko.

Mzee alikuwa sahihi mara zote mbili. Ubishi wa namna hii nimeusikia mara nyingi, hasa tangu Machi 2024, video ya meli ya Dali ikiliangusha daraja la Francis Scott Key kule Baltimore, Marekani, ilipozunguka kwenye simu zetu. Kwa nini nahodha hakushika breki? Injini kubwa vile inazimikaje kama pikipiki iliyoishiwa mafuta? Maswali ni ya haki kabisa. Ila majibu yake hayaeleweki mpaka ujue kwanza ndani ya meli kuna nini, na kilichomo humo hakifanani sana na injini ambazo sisi tumezizoea.

Dizeli mbili

Neno dizeli lina maana mbili, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Ipo dizeli unayonunua sheli, na ipo dizeli ambayo ni aina ya injini. Injini ya dizeli ni ile isiyowasha mafuta kwa plagi. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, pampu kwa nguvu mara kadhaa, kisha shika sehemu ya chini. Imepata moto. Hewa ikibanwa kwa ghafla hupata joto. Injini ya dizeli hubana hewa mpaka joto lake linapita nyuzi 500, halafu inanyunyizia mafuta humo humo, na mafuta yanajiwakia yenyewe. Kwa hiyo injini ya meli ni dizeli hata kama haijawahi kuonja dizeli ya sheli.

Maneno mengine matatu tutayahitaji. Silinda ni bomba nene la chuma. Pistoni ni kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya bomba hilo. Krenki ni mhimili uliopindapinda, unaogeuza kule kupanda na kushuka kuwe kuzunguka, kama pedeli ya baiskeli inavyogeuza kazi ya miguu yako. Mafuta yakiwaka juu ya pistoni yanaisukuma chini, pistoni inaisukuma krenki, krenki inazungusha propela, ile ambayo vitabu vyetu huiita rafadha. Na tuachane na hadithi ya gia kabisa: kwenye meli kubwa ya mizigo krenki na propela zimeungwa na mhimili mmoja mrefu. Injini ikizunguka mara moja, propela inazunguka mara moja.

Aliyeifikisha injini ya namna hii kwenye kufanya kazi ni Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Mtambo wake uliofanikiwa ulijaribiwa Augsburg mwaka 1897. Miaka 15 baadaye, mwaka 1912, meli ya Kidenmaki iitwayo Selandia ilisafiri kutoka Copenhagen hadi Bangkok kwa dizeli, bila makaa na bila kundi la wachochea moto. Haikuwa na bomba la moshi kama meli za mvuke. Moshi wake ulitokea kwenye mlingoti. Ilipofika London, Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini la Uingereza, alipanda mwenyewe kuiangalia. Diesel hakuufaidi sana ushindi huo: usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alitoweka akiwa ndani ya meli iliyokuwa ikivuka kutoka Antwerp kwenda Uingereza, na mpaka leo watu wanabishana kama alijitupa, alianguka au alisukumwa. Mvuke haukuondoka mara moja, hata hivyo. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, wanayoijua vizuri watu wa Kigoma na Mpulungu, iliendelea kutumia mvuke mpaka ilipowekewa injini za dizeli miaka ya 1970.

Kubwa kiasi gani?

Tuchukue injini moja inayotajwa sana, ya meli ya Emma Maersk iliyoanza kazi mwaka 2006. Jina lake ni RT-flex96C, ina asili ya Winterthur, Uswisi, na hiyo yenyewe ilijengwa Korea Kusini. Biashara hii iko hivyo: wachoraji wakuu wako Copenhagen na Winterthur, wajenzi wako Korea, China na Japani, kama fundi wa Kariakoo anayeshona kwa patani iliyochorwa na mwingine.

Ina silinda 14 zilizopangwa mstari mmoja. Urefu wake ni kama mita 27, yaani mabasi mawili ya mkoani yakiegeshwa moja nyuma ya jingine, na bado injini inayapita. Kwenda juu ni mita 13.5, jengo la ghorofa nne. Uzito ni zaidi ya tani 2,300, na krenki peke yake ni tani 300. Huwezi kuizunguka na spana mkononi. Unapanda ngazi, unatembea kwenye vibaraza vyenye reli ya kushikilia, unashuka tena. Kila silinda ina upana wa sentimita 96, na pistoni husafiri mita 2.5 kutoka juu hadi chini. Ukipiga hesabu unapata nafasi ya lita 1,810 kwa silinda moja. Angalia simtanki la lita 2,000 juu ya nyumba ya jirani yako, lipunguze kidogo, uone mengine 13 pembeni yake. Wakati wa matengenezo makubwa, fundi hushuka ndani ya silinda kwa ngazi, kipimo mkononi, kuona kuta zimelika kiasi gani.

Nguvu yake ni kilowati 80,080, au megawati 80. Mitambo ya maporomoko ya Rusumo kwenye mto Kagera, ile ambayo umeme wake unagawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi, nayo ni ya megawati 80. Ukipenda lugha ya mafundi wa magari, ni kama nguvu za farasi 109,000, sawa na malori makubwa ya semi 250 hivi.

Malori 250 tu? Hapa ndipo hesabu inapogeuka. Emma Maersk inabeba takriban makontena 15,000 ya futi 20. Lori la semi linabeba mawili. Kuuhamisha mzigo ule kwa barabara ungehitaji malori 7,500. Gawanya sasa farasi 109,000 kwa makontena 15,000: kila kontena linapata farasi 7. Bodaboda ya CC 150 ina kama 12. Maana yake kontena zima lililojaa vigae au mitumba linavuka bahari likisukumwa na nguvu inayozidi kidogo nusu ya bodaboda.

Sehemu kubwa ya siri hiyo ni maji yenyewe. Kitu kinachoelea hakina mlima wa kupanda wala tairi la kukwaruza lami, na chombo kikiwa kirefu na hakina haraka, maji hayakibishii sana. Injini nayo ina mchango wake, na mchango huo ni upole.

Kwa nini iende taratibu

Bodaboda ikikimbizwa vizuri, krenki yake inazunguka mara 8,000 kwa dakika. Gari la kawaida kwenye barabara kuu, mara 2,000 hadi 3,000. Injini ya Emma Maersk, ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, inazunguka mara 102 kwa dakika. Hesabu mapigo ya moyo wako baada ya kupanda ngazi za ghorofa mbili, utakuwa umeipata kasi yake. Cherehani ya miguu inapiga sindano haraka kuliko hapo.

Mwenye kudai upole huo ni propela. Ya Emma Maersk ina upana wa mita zaidi ya tisa na uzito wa tani 130 hivi. Muulize mvuvi yeyote: kasia pana linalovutwa taratibu linakupeleka mbali, kijiti kinachopigwapigwa haraka kinakurushia maji usoni. Ni afadhali kusukuma maji mengi polepole kuliko maji machache kwa fujo. Tena propela ikizungushwa kasi kupita kiasi, nyuma ya mapanga yake huzuka mapovu, na mapovu hayo yakipasuka hutafuna chuma kama mchwa.

Basi kama injini imeungwa moja kwa moja na propela, na propela inataka mizunguko 80 au 100, injini itapata wapi nguvu? Itaipata kwenye ukubwa wa kila pigo. Tazama watu wawili wakitwanga kisamvu. Mtoto ana mchi mdogo, anapiga harakaharaka, anachoka. Mama ana mchi mzito, anaunyanyua juu, anauachia. Anapiga mara chache, na kisamvu kinasagika. Pigo moja la silinda ya Emma Maersk, kwa nguvu zote, linachoma gramu kama 160 za mafuta, kikombe cha chai ambacho hakijajaa. Zidisha kwa silinda 14 na mizunguko 102 kila dakika, unakuta tani 13 hadi 14 kwa saa.

Upole unaleta faida nyingine. Pistoni ya bodaboda inashuka kwa sehemu kama nne za elfu moja za sekunde. Mafuta yasipowaka hapo hapo, muda umekwisha. Pistoni ya meli inatumia karibu theluthi moja ya sekunde. Kwa mafuta hayo ni muda mrefu wa kuungua mpaka mwisho. Ndiyo maana injini hizi hugeuza karibu nusu ya joto la mafuta kuwa kazi, wakati gari la petroli huambulia robo hadi theluthi, mengine yakipotelea kwenye rejeta na ekzosi.

Mapigo mawili, na moshi uko wapi?

Mafundi wa boti za pwani wanaijua tu-stroki: ile mashine ya nyuma ya boti unayochanganyia petroli na oili, yenye moshi wa buluu na harufu ya kukaba. Ukiwaambia meli kubwa nayo ni tu-stroki, wanakataa. Lakini ndivyo. Tofauti iko kwenye kinachoingia.

Mashine ya boti inaingiza hewa iliyokwisha changanywa na mafuta, na wakati mchanganyiko mpya unafukuza moshi wa zamani, sehemu ya mafuta mabichi hutoka nao. Injini ya meli inaingiza hewa peke yake. Pistoni ikifika chini inafunua matundu yaliyozunguka ukuta wa silinda. Hewa inayosukumwa na turbo, yaani feni ya kushindilia hewa, inaingia kwa kishindo kutoka chini, inapanda ikijizungusha, na kuufukuza moshi kupitia valvu moja kubwa iliyo juu. Pistoni inapanda, matundu yanazibwa, valvu inafungwa, hewa inabanwa, na hapo ndipo mafuta yananyunyiziwa. Yanawaka, pistoni inashuka. Kupanda kumoja, kushuka kumoja: mapigo mawili. Kila mzunguko, kila silinda inafanya kazi, wakati injini ya gari lako kila silinda inafanya kazi mzunguko mmoja na kupumzika mmoja.

Ule moshi mweusi unaoonekana meli ikianza kuondoka gatini nao una maelezo. Turbo inazungushwa na moshi wa injini yenyewe. Injini ikiwa ndiyo kwanza inaamka, moshi ni mdogo, turbo haijachangamka, na hewa inasaidiwa na feni za umeme. Kwa dakika hizo mafuta hayapati hewa ya kutosha. Baadaye bomba linasafika.

Kipo kitu kingine ambacho hutakiona kwenye gari. Pistoni ya gari imeshikwa moja kwa moja na mkono unaoyumba kulia na kushoto kufuata krenki. Kwenye meli, pistoni ina fimbo iliyonyooka kama ya pampu ya kisima, inayopanda na kushuka bila kuyumba. Mwisho wa fimbo kuna kiungo kinachoteleza kwenye reli zake, mafundi hukiita krosihedi, na mkono unaoyumba unaanzia hapo. Fimbo inapita kwenye kizibo kinachotenga chumba cha moto na chumba cha krenki. Kwa hiyo uchafu wa mafuta mazito haudondoki kwenye oili ya krenki. Silinda zina oili yake nyingine, inayoungua na kuisha, na imetiwa dawa ya kuua tindikali inayozalishwa na salfa. Ndani ya injini moja kuna oili mbili zisizokutana.

Kuiwasha, kuizima, kuirudisha nyuma

Hakuna stata ya kuzungusha krenki ya tani 300. Injini ya meli huwashwa kwa upepo. Kuna matanki ya hewa iliyobanwa mara 30 kuliko hewa ya kawaida, presha ambayo ni kama mara 15 ya tairi la gari dogo. Hewa hiyo inaachiwa ndani ya silinda kwa zamu, inasukuma pistoni, krenki inaanza kuzunguka, halafu mafuta yanaingia. Kabla ya hapo kuna mambo ya saa kadhaa: kupasha moto maji ya kupoozea, kuzungusha oili, kuizungusha injini taratibu kwa mota huku vitundu vya juu ya silinda viko wazi, ili kama kuna maji yamevujia ndani yaonekane yakitoka. Maji hayabaniki. Pistoni ikiyakuta pale juu, kitakachopasuka ni chuma.

Na kurudi nyuma? Kwa kuwa hakuna gia, hakuna rivasi. Injini inasimamishwa kabisa, mpangilio wa kunyunyizia mafuta unabadilishwa, kisha inawashwa upya ikizunguka kinyume. Rubani wa bandari akiomba mbele, simama, nyuma, simama, mbele, kila ombi linakula hewa. Kanuni za usalama zinataka matanki yawe na hewa ya kuwasha injini ya namna hii mara 12 mfululizo bila kujazwa. Baada ya hapo, kama kompresa hazijarudisha presha, unaelea.

Breki ya meli, kwa maana hiyo, ni kuzungusha propela kinyume na kungoja. Ikiwa kwenye mwendo, maji yanayopita yanaendelea kuizungusha propela hata injini ikikatiwa mafuta, kama upepo unavyozungusha feni iliyozimwa, kwa hiyo lazima kwanza mwendo upungue ndipo injini ikubali kugeuzwa. Meli kubwa inayokimbia baharini inahitaji kilomita kadhaa kusimama. Tagi pale Magogoni haziko kwa ajili ya heshima.

Turudi Baltimore

Kijana wa bodaboda alikosea idadi, lakini hakukosea kabisa. Meli ina injini kuu moja ya kusukuma, halafu ina injini nyingine ndogo, za mwendo wa haraka, zinazozungusha jenereta. Zile ndogo ndizo zinazolisha taa, usukani, makasha ya baridi na, jambo ambalo wengi hawalijui, pampu za injini kuu yenyewe. Yale maji ya kuipoza na oili ya kuilainisha husukumwa na pampu za umeme. Umeme ukikatika, pampu zinasimama, na mitambo ya ulinzi inaizima injini kuu kabla haijajiunguza.

Dali ilikuwa na injini kuu ya silinda tisa, zaidi ya kilowati 41,000, haina hitilafu yoyote. Tarehe 26 Machi 2024, saa saba na dakika 25 usiku, umeme ukakatika. Injini kuu ikajizima. Umeme ukarudishwa, ukakatika tena. Tagi zilikuwa zimekwisha rudi. Meli yenye uzito wa zaidi ya tani laki moja ikaendelea kwa mwendo wa baiskeli, kilomita kama 15 kwa saa, na usukani wake ukiwa umedhoofika, kwa sababu usukani hufanya kazi vizuri pale propela inapousukumia maji. Nanga ilitupwa. Dakika nne tu zilipita tangu giza la kwanza mpaka daraja kuanguka, na wafanyakazi sita waliokuwa wakikarabati barabara juu yake walikufa.

Jenereta ya dharura ilikuwepo, na watu waliuliza kwa nini haikuokoa jahazi. Kazi yake ni taa, mawasiliano na usukani. Haina uwezo wa kuiamsha injini kuu. Novemba 2025 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilitoa hitimisho lake: umeme wa kwanza ulikatika kwa sababu ya waya mmoja uliolegea. Lebo iliyovishwa kwenye waya huo ilikuwa imewekwa vibaya, ikazuia ncha yake isiingie sawasawa kwenye kishikio. Waya wa unene wa kawaida, kati ya maelfu ya nyaya.

Mafuta meusi na uvumi wake

Kwa miongo mingi chakula cha injini hizi kimekuwa masalia ya kiwanda cha kusafishia mafuta, kile kinachobaki baada ya petroli, mafuta ya taa, ya ndege na dizeli kuondolewa. Yakipoa ni mazito kama lami. Ndiyo maana matanki yake hupashwa moto ili yatiririke, kisha yanapitishwa kwenye mashine za kuzungusha kwa kasi ili maji na mchanga vijitenge, halafu yanapashwa tena mpaka nyuzi kama 130 kabla ya kunyunyiziwa. Mwaka 2020 ndugu zetu wa Mauritius waliyaona kwa karibu: meli ya Wakashio ilipanda mwamba tarehe 25 Julai, na siku chache baadaye kama tani 1,000 za mafuta zikamwagika kwenye matumbawe. Wengi waliandika kuwa ilikuwa meli ya mafuta. Haikuwa. Ilikuwa meli ya kubeba mizigo isiyofungashwa, kama madini au nafaka, na ilikuwa inakwenda tupu. Yaliyomwagika ni ya tanki lake yenyewe.

Uvumi mkubwa zaidi ni ule unaosema meli 15 tu zinachafua hewa kuliko magari yote ya dunia. Ulianza kuenea mwaka 2009 na bado unatumwa kama habari mpya. Hesabu hiyo ilihusu salfa peke yake. Mafuta ya magari katika nchi nyingi yamekwisha ondolewa salfa karibu yote, ya meli yalikuwa nayo tele, kwa hiyo ulinganisho wake ni sawa na kumlinganisha mvuta sigara na mtu asiyevuta halafu kusema mmoja anatoa moshi mara elfu. Tangu tarehe 1 Januari 2020 kikomo cha salfa duniani ni asilimia 0.50 badala ya 3.50, au meli ifungiwe mtambo wa kuosha moshi. Kwa upande wa hewa ukaa, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, IMO, lilikadiria kuwa usafiri wote wa meli ulichangia asilimia 2.89 ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za binadamu mwaka 2018. Si kidogo. Ila magari yanatoa mara kadhaa zaidi.

Na hapa ndipo historia ya injini hizi imechukua njia ambayo mimi binafsi sikuitarajia. Meli zimezidi kukua, injini zimepungua. Nguvu inayohitajika hupanda kwa kasi kuliko mwendo: punguza mwendo kwa asilimia 10 tu, na nguvu unayohitaji inashuka kwa zaidi ya robo. Bei ya mafuta ilipopaa miaka ya 2008, wenye meli wakaacha kukimbizana. Jacques Saadé ya kampuni ya Kifaransa CMA CGM, iliyoanza kazi mwaka 2020 ikitumia gesi asilia, inabeba makontena 23,000, na injini yake ni ya kilowati 63,840 kwa mizunguko 80. Farasi kwa kila kontena: chini ya wanne.

Pale Feri sikusema lolote kati ya haya. Meli ilimaliza kupita, pantoni likavuka na kushusha mlango wake. Bodaboda kama thelathini zikawashwa kwa pamoja, za kutosha kwa hesabu ya leo kusukuma makontena tisini kuvuka bahari, kila moja imebeba abiria mmoja na mfuko wa rambo.